Shelton si shahidi mzuri wa tenisi ya chuo

Januari 2023 Mmarekani Ben Shelton, mcheza tenisi, alipanda ndege kwenda Australia. Alikuwa na miaka 20, na hajawahi kutia mguu nje ya Marekani. Vijana wengi wa rika lake wanaocheza tenisi ya kulipwa walikuwa wameshazungushwa Ulaya na Amerika Kusini tangu utotoni. Yeye alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Florida aliyekuwa bado anaendelea na masomo kwa mtandao, na akafika robo fainali ya Australian Open, moja ya mashindano makubwa manne ya tenisi.

Safari yenyewe ilikwenda mbio. Mwanzoni mwa 2022 alikuwa nje ya wachezaji 500 bora duniani. Mei akatwaa ubingwa wa mchezaji mmoja mmoja wa vyuo vya Marekani, NCAA. Agosti, pale Cincinnati, akamng'oa Mnorwe Casper Ruud aliyekuwa miongoni mwa kumi bora, kisha akatangaza kuwa anaingia kwenye tenisi ya kulipwa. Novemba akashinda mashindano matatu ya Challenger, daraja lililo chini ya ziara kuu ya kulipwa, mfululizo. Septemba 2023 alikuwa nusu fainali ya US Open akipambana na Novak Djokovic, na Agosti 2025 akabeba taji la Toronto, moja ya mashindano ya Masters yanayofuata kwa ukubwa baada ya yale manne.

Tangu hapo kila mtetezi wa njia ya chuo, yaani kijana apitie vyuo vya Marekani kabla ya tenisi ya kulipwa, analo jina moja mdomoni: Shelton. Mimi nakubaliana na njia hiyo kwa kiasi kikubwa, lakini shahidi mwenyewe simkubali.

Baba yake ni Bryan Shelton, aliyefika raundi ya nne ya Wimbledon mwaka 1994 na kupanda hadi nafasi ya 55 duniani. Ndiye aliyekuwa kocha wa timu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Florida wakati Ben akisoma hapo. Mwaka 2021 timu hiyo ilichukua ubingwa wa taifa, na aliyemaliza kazi uwanjani ni huyo huyo mwanawe. Ben alipokwisha kuondoka, baba naye akaacha kazi ya chuo Juni 2023 ili amfundishe mwanawe. Kwa hiyo tunapouliza chuo kilimpa Shelton nini, tutatenganishaje chuo na sebule ya nyumbani? Mkono wa kushoto unaopiga sevu kama kombora nao haukutoka darasani.

Lipo pia jambo ambalo masimulizi huliruka. Baada ya Australia alisota. Kwa miezi kadhaa hakuweza kushinda mechi mbili mfululizo kwenye ziara kuu, hadi ilipofika US Open. Tenisi ya vyuo vya Marekani huchezwa karibu yote kwenye viwanja vigumu, na ile chemchemi ya 2023 ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukutana na udongo mwekundu wa Ulaya. Mhispania Carlos Alcaraz, aliyezaliwa miezi saba baada yake, alikulia kwenye udongo huo, na Septemba 2022 alishakuwa namba moja duniani. Wanaosema chuo humchelewesha mwenye kipaji cha juu kabisa hawasemi upuuzi.

Lakini wenye kipaji cha Alcaraz ni wangapi? Waliobaki huanzia chini, kwenye mashindano ambayo zawadi yote, ya watu wote, ni dola 15,000. Mchezaji hununua tikiti yake, hulipa chumba, hupoteza raundi ya kwanza siku ya Jumanne na kurudi na pesa isiyotosha nauli. Kocha atamlipa kwa pesa gani? Chuoni kocha yupo, mtaalamu wa viungo yupo, chakula kipo, na wapinzani wakali wanakuja kila wiki. Zaidi ya nusu ya wanaume wanaocheza daraja la juu la vyuo ni wageni, kwa hiyo hata wapinzani wenyewe ni wa dunia nzima. Mmarekani Danielle Collins alikaa Chuo Kikuu cha Virginia hadi akahitimu mwaka 2016, na miaka sita baadaye alikuwa fainali ya Australian Open. Mwingereza Cameron Norrie alitoka chuo cha TCU huko Texas, akashinda mashindano ya Masters ya Indian Wells mwaka 2021. Mmisri Mayar Sherif alimaliza Chuo Kikuu cha Pepperdine, California, mwaka 2018, na mwaka 2022 akawa mwanamke wa kwanza wa Misri kushinda taji la WTA, ziara kuu ya wanawake, pale Parma, Italia.

Bei yake ipo, na kwa upande wa fedha imekuwa ya kuudhi. Kijana Maya Joint alifika raundi ya pili ya US Open 2024, raundi yenye zawadi ya dola 140,000, na sehemu kubwa ikabidi aiache kwa sababu alitaka kuchezea Chuo Kikuu cha Texas, na kanuni za NCAA za wakati huo ziliwabana wanafunzi kupokea zawadi. Kabla mwaka haujaisha akawa ameshaingia kwenye tenisi ya kulipwa. Sioni kosa lake hata kidogo.

Kwetu Afrika Mashariki mfano wa kutazama ni Mkenya Angella Okutoyi, aliyelelewa na nyanya yake Nairobi, akapitia kituo cha mafunzo cha shirikisho la kimataifa la tenisi huko Burundi, na mwaka 2022 akashinda Wimbledon ya wasichana kwa wawili wawili akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Mapema 2023 akaenda Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama. Mzaliwa wa Bujumbura, Sada Nahimana, alipita mlango mwingine: akaingia moja kwa moja kwenye tenisi ya kulipwa na kupanda hadi ndani ya 300 bora. Ukiwapima kwa viwango peke yake, Nahimana anaonekana alichagua vizuri zaidi. Ila yeye hana shahada ya kuegemea siku goti litakapokataa, na kwa familia isiyo na akiba hilo ni jambo zito kuliko nafasi mia moja za viwango.

Hata hivyo Machi 2024 ilionyesha kasoro ya njia ya Okutoyi. Alitwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika huko Accra, ushindi ambao ungempa tikiti ya Olimpiki ya Paris kama angekuwa ndani ya 400 bora ifikapo Juni. Hakuwa. Mechi za timu za vyuo hushika kasi kuanzia Januari hadi Mei, na ushindi ndani yake hauleti hata pointi moja ya WTA.

Shelton alikaa Florida miaka miwili tu, na kabla mwaka haujatimia tangu aondoke baba yake akaja kuwa kocha wake. Mwanafunzi wa Nairobi akikabidhi ufunguo wa bweni leo, wiki ijayo anahitaji tikiti ya ndege, hoteli na ada ya kamba za raketi kwa mwaka mzima wa mashindano madogo, na hadi sasa shirikisho lililojitokeza kusema litalipa sijaliona.