Ngozi ya Maabara, Ngozi ya Paja: Ipi Inamfaa Aliyeungua?

Kila baada ya muda hutoka habari kwamba wanasayansi wameotesha ngozi ya binadamu maabara, na kila mara ubishi huwa uleule: je, siku za kumchuna mgonjwa paja ili kumfunika mgongo zimekwisha? Mashabiki wa utafiti wanasema zimekwisha, kilichobaki ni fedha. Wanaoshinda kwenye wodi za majeruhi wa moto wanajibu kwamba hizo ni ndoto za nchi tajiri. Ubishi huo unakipita kando kiini cha jambo. Kuotesha seli za ngozi ya juu kunajulikana kwa karibu nusu karne sasa. Kilichosumbua ni ngozi ya ndani, ile nene yenye kolajeni (protini inayoipa ngozi nguvu) na mishipa ya damu, na pia siku zinazopotea kabla kidonda hakijafungwa.

Mwaka 1975, James Rheinwald na Howard Green wa MIT nchini Marekani walionyesha kwamba keratinositi, seli zinazojenga ngozi ya juu, huzaliana vizuri zikioteshwa juu ya tandiko la seli za panya zilizopigwa mionzi. Seli hizo za panya haziwezi tena kugawanyika, ila bado zinatoa vichocheo ambavyo seli za binadamu zinavihitaji. Kipande cha sentimeta 3 za mraba huweza, kwa wiki tatu hadi nne, kuzaa seli za kutosha kufunika mwili wa mtu mzima. Hayo si majigambo. Mwaka 1984 timu ya madaktari wa Boston iliripoti watoto wawili ndugu, wa miaka 5 na 6, walioungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili. Karibu nusu ya mwili wa kila mmoja ilifunikwa kwa ngozi iliyooteshwa, na wote wawili wakapona. Kwa mgonjwa wa namna hiyo huwezi kusema "chukua ngozi ya paja lake", maana paja lenyewe limeungua.

Sasa tuutazame kwa karibu utando unaotokana na seli hizo. Ukiwa tayari una tabaka 2 hadi 8 za seli, basi. Hubanduliwa kwenye sahani kwa kimeng'enya cha dispasi na mara hunywea, kwa hiyo hubanwa kwenye gozi (kitambaa chembamba cha bandeji) yenye vaselini ili ushikike. Upande wa seli za chini lazima uelekee kidonda. Ukigeuzwa, hautashika kabisa. Epicel, utando wa aina hii unaouzwa kama bidhaa iliyopata kibali maalumu Marekani mwaka 2007 kwa walioungua kwa kina asilimia 30 ya mwili au zaidi, hufika katika vipande vya karibu sentimeta 50 za mraba. Mgongo wa mtu mzima wenye sentimeta 3,000 za mraba unakula vipande 60. Ikishapakiwa hudumu saa 24 tu, na safari ya kutoka Massachusetts hadi Dar es Salaam au Nairobi, ukijumlisha na forodha, inaweza kuzimaliza saa hizo zote. Gharama kwa mgonjwa mmoja ni kubwa mno.

Hata pale fedha ipo, utando huu ni mdekaji. Iodini na klorheksidini zinazosafisha vidonda vingine zinaua seli zake, kwa hiyo anayeuhudumia ananyimwa silaha zake za kawaida za kupambana na bakteria mahali ambapo bakteria ndiyo hatari kubwa. Mgonjwa akigeuzwa vibaya kitandani, utando unateleza. Ripoti zilizochapishwa kuhusu kiasi kinachoshika zinatofautiana mno, kuanzia karibu sifuri hadi zaidi ya robo tatu. Kilichoshika nacho kinaweza kutoa malengelenge miezi kadhaa baadaye kwa msuguano wa nguo tu, kwa sababu nyuzi za protini zinazoishikiza ngozi ya juu kwenye ya ndani huchukua takriban mwaka kukomaa. Na maelezo rasmi ya bidhaa hiyo yana onyo kuhusu saratani ya ngozi ya aina ya skwamasi. Si sababu ya kumnyima mgonjwa anayekufa, lakini ni sababu ya kumfuatilia kwa miaka.

Watafiti waliliona tatizo mapema. Mwaka 1986 Charles Cuono na wenzake walieleza njia ya kuanza na ngozi ya marehemu: inapandikizwa, tabaka lake la juu linaondolewa, la ndani linabaki, na ngozi ya maabara inatandikwa juu yake. Utando ulishika vizuri zaidi, ila sasa unahitaji benki ya ngozi, na nchi nyingi za kwetu hazina. John Burke na Ioannis Yannas walikuwa wameshapita njia nyingine mwaka 1981: kiunzi cha kolajeni ya ng'ombe na kondroitini ya gegedu la papa, chenye kifuniko cha silikoni. Mishipa ya damu huingia ndani ya kiunzi kwa wiki mbili hadi tatu, silikoni inatolewa, kisha inapandikizwa ngozi nyembamba mno ya mgonjwa mwenyewe. Kiunzi hicho, Integra, kilipata kibali Marekani mwaka 1996 na kovu lake huwa laini kuliko la pandikizi jembamba lililowekwa juu ya mafuta. Adui wake ni usaha chini ya silikoni: kabla ya damu kuingia hakina kinga yoyote, na damu iliyoganda ikibaki chini yake, eneo hilo linapotea. Tena angalia, mwisho wa safari bado unamchuna mgonjwa paja.

Upande wa pili una kisu. Pandikizi la kawaida ni ngozi ya unene wa milimita 0.2 hadi 0.4, inayochukua ngozi yote ya juu na sehemu tu ya ile ya ndani, ndiyo maana paja linapona lenyewe kwa siku 10 hadi 14 kutokana na vinyweleo na tezi zilizobaki. Ni hapo tu penye siri yake: pandikizi hili linakuja na ngozi ya ndani kiasi, kitu ambacho utando wa maabara hauna. Kwa kisu cha Humby, kile cha kuchunia ngozi chenye kirola, nafasi kati ya wembe na kirola hukadiriwa kwa kupitisha ukingo wa kisu kidogo cha upasuaji namba 15, ambao ni karibu milimita 0.4. Ukipita kwa ulaini umekaribia unene wa juu kabisa, kwa hiyo unapunguza. Ngozi ivutwe na msaidizi mpaka iwe bapa, ipakwe mafuta ya parafini, na wembe uende kama msumeno bila kukandamiza. Vidoa vidogo vingi vya damu vinaonyesha kina sahihi. Vidoa vikubwa vilivyo mbalimbali vinaonyesha umezama. Ukiona punje za mafuta ya njano simama, rudisha ngozi hiyo mahali pake, kwa sababu sasa umemtengenezea mgonjwa kidonda cha pili kisichoweza kujifunga.

Ngozi hiyo hupitishwa kwenye mashine ya kutoboa iwe wavu, ufundi ulioenezwa na daktari Tanner mwaka 1964. Uwiano wa 1 kwa 1.5, yaani ngozi kutanuliwa ifunike mara moja na nusu ya eneo lake, hutoa matokeo mazuri. Wa 1 kwa 3 unakubalika pale ngozi inapokuwa haba. Kuanzia 1 kwa 6, matundu ni makubwa kiasi kwamba kidonda kilichomo katikati hukauka au kuoza kabla seli hazijakutana, na alama za wavu hubaki maisha yote. Hospitali isiyo na mashine hutoboa kwa ncha ya kisu. Upanuzi ni mdogo, ila majimaji yanapata pa kutokea, na hiyo peke yake inaokoa mapandikizi mengi.

Siku mbili za kwanza pandikizi linaishi kwa kufyonza majimaji ya kidonda. Kuanzia siku ya pili au ya tatu mishipa yake inaanza kuungana na ya chini. Kwa hiyo chochote kinachoingia katikati kinaliua: bonge la damu, majimaji, usaha, au kuteleza. Streptokokasi ya kundi A ina sifa mbaya kuliko wote, kwani huyeyusha pandikizi lote usiku mmoja. Bandeji isifunguliwe ovyo; siku ya tano ndiyo ya kutazama, mapema zaidi kama kuna harufu au homa. Ngozi iliyobaki isitupwe. Ikifungwa kwenye gozi yenye maji ya chumvi na kuwekwa kwenye friji ya nyuzi 4, inafaa kwa hadi wiki moja kuziba palipofeli, wala haihitaji mgonjwa kupewa dawa ya usingizi mara ya pili.

Je, basi kisu kimeshinda? Ngoja kwanza. Hoja ya kisu inategemea jambo moja ambalo watetezi wake hupenda kuliruka, nalo ni damu. Tangu Zora Janžekovič wa Maribor, Yugoslavia ya wakati ule, aonyeshe mwaka 1970 kwamba nyama iliyokufa ikikatwa tabaka kwa tabaka katika siku za mwanzo na kufunikwa mara moja wagonjwa hupona vizuri zaidi, vitabu vyote vinasema kata mapema. Tufanye hesabu. Mtoto wa kilo 10 ana damu isiyozidi mililita 800 hivi. Ngozi yake yote ni karibu sentimeta 5,000 za mraba, kwa hiyo asilimia 10 iliyomwagikiwa uji ni sentimeta 500 za mraba. Kukata bila tahadhari humwaga nusu mililita hadi mililita moja kwa kila sentimeta ya mraba. Umeshampotezea angalau mililita 250, karibu theluthi ya damu yake, kabla hujagusa paja.

Adrenalini inapunguza hasara hiyo sana: miligramu 1 ndani ya lita moja ya maji ya chumvi, ikadungwa chini ya ngozi, usubiri dakika kumi, pamoja na gozi zilizolowa adrenalini na tonikei (mkanda wa kubana damu) kwenye mikono na miguu. Lakini hasara haiishi. Mahali ambapo chupa ya damu hupatikana kwa ndugu kupigiwa simu, daktari anayengoja wiki tatu gaga libanduke lenyewe na nyama nyekundu ichomoze si mzembe, anapima kifo cha leo dhidi ya kovu la kesho. Gharama ya kungoja nayo ni halisi. Kidonda kinachopitisha wiki tatu bila kufunga huacha kovu nene linalovuta, na siku zote hizo mtoto anapungua uzito na bakteria wanakaribishwa. Msimamo unaofaa kwa hospitali yenye damu kidogo, kwa maoni yetu, ni kukata mapema lakini kidogo: asilimia 10 ya mwili kwa awamu moja kwa mtu mzima, 5 kwa mtoto mdogo, kuanzia mikono na viungo, damu ikiwa tayari ndani ya chumba cha upasuaji.

Hapa ndipo maabara inaporudi na hoja yenye nguvu, na si kwa utando. Fiona Wood, daktari wa upasuaji wa Perth, Australia, ambako majeruhi 28 wa mabomu ya Bali walipelekwa mwaka 2002, aliendeleza njia ya kunyunyizia seli zisizooteshwa. Kipande chembamba cha sentimeta 1 ya mraba kinalowekwa kwenye kimeng'enya cha tripsini chenye nyuzi 37, seli zinakwanguliwa, zinachujwa, na zinapuliziwa kidonda cha hadi sentimeta 80 za mraba. Kazi hiyo huchukua kama nusu saa, palepale theata. Marekani iliidhinisha kifaa cha kazi hiyo, ReCell, mwaka 2018. Kwa kuungua kusikofika chini kabisa hufanya kazi peke yake. Kwa kuungua kwa kina hupuliziwa juu ya wavu uliotanuliwa zaidi ya kawaida, hivyo paja dogo linafunika eneo kubwa. Bei ya kifaa bado ni kikwazo, ila hakuna tandiko la seli za panya wala saa 24 za kukimbizana nazo.

Na kuna ugonjwa ambao kisu hakiuwezi kabisa. Mwaka 2017 timu ya Bochum, Ujerumani, pamoja na Michele De Luca wa Modena, Italia, iliripoti mtoto wa miaka 7 mkimbizi kutoka Syria, aliyezaliwa na jeni mbovu inayofanya ngozi ibanduke. Walichukua sentimeta 4 za mraba, wakatia jeni nzima ndani ya seli, wakaziotesha, wakambadilishia karibu asilimia 80 ya ngozi. Paja lake lingetoa ngozi yenye kasoro ileile. Ngozi ya ndani ilikuwepo, kilichokosekana ni gundi ya katikati, ndiyo sababu njia hii ilimfaa yeye kuliko inavyomfaa aliyeungua.

Ngozi ya perege iliyojaribiwa Fortaleza, Brazil, ambayo watu wa Ziwa Victoria huulizia sana, haimo katika mashindano haya. Ni kifuniko kizuri cha kuungua kwa juu, kinachopunguza kufungua bandeji kila siku, baada ya kutakaswa kwa kemikali na mionzi. Haiwi ngozi ya mtu, na ile ya sokoni ni bakteria tupu.

Tuwagawe basi wagonjwa kwa kiganja: kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole ni karibu asilimia 1 ya mwili wake. Chini ya viganja 30, ngozi ya paja inatosha, na fedha yoyote ya ziada ina matumizi bora kwenye damu, wembe mpya na mashine ya kutoboa. Kati ya 30 na 50, kunyunyizia seli na kuvuna paja lilelile mara ya pili baada ya wiki mbili kunabeba mzigo. Zaidi ya hapo maabara haina mbadala, mradi kuwe na kitu cha kushika nafasi ya ngozi ya ndani.

Kuna kipimo kimoja ambacho tafiti nyingi za bidhaa hizi hukitaja kwa ufupi mno. Zinapima kidonda kimefunga asilimia ngapi, siku ya ngapi. Shingo inaweza kufunga asilimia 100 na mwaka mmoja baadaye kidevu kikawa kimeshikana na kifua, kwa sababu pandikizi jembamba hunywea. Shingoni na viungoni ngozi iwe nene kadiri inavyowezekana, isitobolewe wavu, na banzi, kifaa kigumu kinachozuia kiungo kujikunja, livaliwe usiku na mchana kwa miezi sita au zaidi, likivuliwa kwa mazoezi na kuoga tu. Banzi la plasta ya Paris hutengenezwa wodini kwa dakika chache, na kwapa likiachwa bila hilo, hata ngozi ya Bochum isingeliokoa.