Tuisheni ya hisabati na suala la kujiamini

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza niliyekuwa nikimfundisha jioni alijumlisha 1/2 na 1/3 akaandika 2/5, yaani kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Kabla sijatamka neno alinitazama usoni, kisha akachukua raba. Nikamwuliza: ukishakula nusu chapati, halafu ukaongezewa theluthi, utakuwa umekula zaidi ya nusu au pungufu? Alicheka, maana 2/5 haifiki hata hiyo nusu ya kwanza, na safari hii alifuta bila kunitazama.

Wanaotetea tuisheni wana hoja nzito. Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2023 nchini Tanzania, takriban robo tu ya watahiniwa walifaulu Hisabati, ingawa alama ya D, ya chini kabisa ya kufaulu, huanzia 30 kwa 100. Darasa lenye wanafunzi wengi halimpi mwalimu nafasi ya kujua nani alikwama wapi. Isitoshe, mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili akaizoea KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, anaikuta sekondari ikiitwa LCM kwa Kiingereza, na wapo wanaoamini kwamba hilo ni jambo jipya kabisa wasiloliweza. Mtu kama huyo anahitaji mahali pa kuuliza swali la darasa la tano bila kuchekwa.

Wapinzani nao hawasemi ovyo. Kenya, kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ilipiga marufuku masomo ya likizo, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000. Hofu ya kwamba mwalimu atabania somo darasani ili aliuze jioni si ya kubuni, na mtoto ambaye kwao hawana ada ya ziada ndiye anayebaki nyuma. Hata hivyo, marufuku haiondoi njaa iliyoizaa tuisheni. Mara nyingi huihamishia sebuleni kwa watu.

Mimi naona pande zote mbili huligusa suala la kujiamini juujuu tu. Kuna wakufunzi wanaodhani kujiamini huletwa na sifa, hivyo humpa mtoto maswali mepesi na kumwita kichwa, mpaka siku ya mtihani inapomuumbua. Wengine husema afanye mazoezi mengi tu, kujiamini kutakuja kwenyewe, lakini nimeona wanafunzi waliomaliza mitihani yote ya miaka iliyopita na bado wanauliza "ni sahihi, mwalimu?" baada ya kila mstari. Kinachokosekana ni uwezo wa kulipima jibu lako mwenyewe, na huo haupatikani katika tuisheni ya watu arobaini wanaonakili ubaoni, ambayo ni darasa lilelile, tofauti ni kwamba linalipiwa.

Mzazi anayetaka kujua fedha yake inakwenda wapi na afungue daftari la mtoto. Likiwa safi, limejaa mifano ya mwalimu isiyo na kosa hata moja, alicholipia ni mwandiko. Akikuta jibu lililokatwa, na pembeni yake mtoto kaandika kwa maneno yake kwa nini lisingewezekana, amwache aendelee na mkufunzi huyo.