Bibi Harusi Hatoki

Nimekuwa nikichoma DVD tangu enzi zile ambapo filamu moja iligawanywa kwenye CD mbili kwa sababu CD yenyewe haikuzidi MB 700. Kwa hiyo shangazi yangu wa Makunduchi aliponipigia simu kuidai harusi ya mpwa wangu “kwenye sidii, si kwenye simu”, nilimwahidi kwamba ataipata Ijumaa. Shangazi hana imani na simu za kupangusa. Anayo deki yake, anayo televisheni yake ya kichogo iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na kwa maoni yake harusi isiyoingia kwenye deki ni uvumi tu.

Niliahidi bila kukumbuka kwamba kompyuta yangu ilikuwa imekata roho mwezi uliotangulia. Jirani yangu, Mungu amlipe, akaniazima ya mwanawe aliyekuwa amerudi na masomo yake kutoka Marekani. Ni kompyuta nyembamba, ya kijivu, na ina dharau. Kitufe cha kufungia dirisha, ambacho miaka yote nimekizoea kulia, kwake kipo kushoto. Ukilifunga dirisha, programu haiondoki bali inabaki pale chini, kimya, kama mgeni aliyekwisha kuaga lakini bado amesimama mlangoni na viatu mkononi. Nilipouliza mahali pa kubofya kulia, kijana aliniambia niguse kwa vidole viwili, kama mtu anayeonja chumvi.

Lililonitoa jasho zaidi lilikuwa mdomo wake. Kompyuta zote nilizowahi kuzitumia hutoa kisinia nje, ukaweka DVD juu yake, kikarudi ndani kwa adabu. Hii ina mwanya tu ubavuni, kama wa sanduku la sadaka, na ukiisogeza DVD karibu inanyakuliwa kutoka mkononi mwako. Sasa itoe. Nilipapasa ubavu huu na ule, nikaigeuza juu chini, nikaitikisa kidogo (baba mtu akiwa hatazami), kisha nikamwita kijana.

“Mzee, chukua ile alama ya DVD, uiburute hadi kwenye pipa la taka.”

Nilimtaka arudie. Yaani harusi ya mpwa wangu, ambayo ukoo mzima ulichangishana, niitupe jaani ndipo nirudishiwe? Akasema ndiyo. Nikaiburuta huku nimefumba jicho moja, na mwanya ukaitema.

DVD ya kwanza ilichukua dakika chache tu, nami ningepaswa kutilia shaka wepesi ule. Nilinakili faili kutoka kwenye flashi, nikaliweka kwenye DVD, nikabofya palipoandikwa “choma”, na kompyuta ikaionyesha harusi yote bila kinyongo. Deki ya jirani iliizungusha, ikakoroma, kisha ikaandika kwamba haioni diski yoyote. Faili la MP4 lililotiwa tu ndani ya DVD ni mzigo uliohifadhiwa stoo. Deki za zamani zinataka picha zigeuzwe kuwa MPEG-2, zikatwe vipande vya VOB visivyozidi GB 1 kila kimoja, na vyote vipangwe ndani ya folda iitwayo VIDEO_TS. Hayo nayajua kama ninavyoijua njia ya kwenda kwangu, ila kompyuta yangu marehemu ilikuwa ikiniuliza mapema kama nataka DVD ya data au ya video. Hii haiulizi. Inadhani ukifika kwake umeshajua unachokitaka.

Programu ya kutengenezea DVD ya video nilikuja kuikuta imejibanza kati ya programu ya kupigia gitaa na ya kupangia picha, nayo haikutaka kuanza kazi kabla sijachagua mapambo. Nikachagua pazia jekundu. Hapo ikatengeneza menyu yenye dirisha dogo ambamo bibi harusi anatokea, anageuka, anatabasamu, kisha baada ya nusu dakika anatokea upya, gitaa likimsindikiza. Nilikiri moyoni kwamba imependeza.

Ukaja mtihani wa nafasi. Kwenye kasha wameandika GB 4.7, lakini kompyuta yangu marehemu ilikuwa ikizipima hizo hizo na kupata 4.37 hivi, kwa kuwa kiwandani wanahesabu kwa maelfu na yeye alihesabu kwa 1,024, kila mtu na kibaba chake. Kwa vyovyote vile, humo picha safi hukaa kwa saa mbili hivi, na harusi yetu ilikuwa na saa 2 na dakika 40. Nimkate nani? Mjomba wa bwana harusi peke yake alihutubu dakika 25, lakini ukikata hotuba ya mjomba umejitafutia kikao cha ukoo. Nikaamua wote wabanwe humo humo, sura zififie kidogo kwa usawa.

Kuzigeuza picha kulichukua saa tano. Nilikaa mbele ya ule mstari wa asilimia nikiutazama kama mtu anayesubiri maji ya bomba, na umeme, ambao hukatika nikianza tu kupiga pasi, siku hiyo ulikaa imara mpaka nikatamani ukatike nipate wa kumlaumu.

DVD ya pili niliichoma kwa kasi ya 16x kwa kuwa Ijumaa ilikuwa inabisha hodi, nayo ikanasa pale bibi harusi anaposhuka garini, mguu mmoja nje. DVD za Kariakoo zinazouzwa mnara wa hamsini bila jina la aliyezitengeneza hazitaki pupa. Ya tatu niliichoma kwa 4x, nikaitazama yote kwa jirani, hotuba ikiwemo, nikamkabidhi kijana aliyekuwa anapanda boti kwenda Unguja.

Jumamosi simu ikalia.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Harusi hii ya mwaka gani?”

“Ya mwezi uliopita, shangazi.”

“Basi mbona haina rangi? Sisi Unguja tuna televisheni ya rangi tangu miaka ya sabini, nanyi huko bara hamkuwa hata na hiyo isiyo na rangi. Leo ndiyo mwaniletea vivuli?”

Sikuwa na jibu, maana bara tuliisubiri televisheni hadi 1994. Kumbe ile kompyuta ilichoma DVD kwa desturi ya kwao, yaani mfumo wa NTSC wenye mistari 480 na takriban picha 30 kwa sekunde, ilhali televisheni ya shangazi inajua PAL tu, mistari 576 na picha 25. Televisheni bapa ya jirani inaelewa mifumo yote miwili, ndiyo maana ilinidanganya. Mahali pa kubadilisha palikuwa katika mipangilio ya programu, neno moja dogo, ambalo kompyuta haikuona haja ya kunitajia. Saa tano nyingine. DVD ya nne ikapanda boti.

Safari hii shangazi alipiga usiku, na nyuma yake nilisikia sauti za wanawake wengi.

“Rangi ipo, shangazi?”

“Rangi ipo, mashallah, na gauni limemkaa. Lakini bibi harusi hatoki.”

“Hatoki wapi?”

“Achungulia kwenye kidirisha, acheka, arudi ndani. Gitaa lapiga. Chai tushakunywa, Bi Mkubwa wa jirani kenda kusali isha karudi, naye bado achungulia. Mna nini na mtoto wa watu?”

Nikamwelekeza abonyeze kile kishale kilicho mbele ya deki. Pakawa kimya, kisha vigelegele vikajaa simu nzima, nami nikaenda kulala.

Haikupita saa moja akapiga tena, kwa sauti ya chini.

“Mwanangu, huyu mwenye kofia anayehutubu, anasogezwaje mbele?”