Kukuchoma nyumbani ndani ya dakika 45

Mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa alikuwa mwalimu wa Kiswahili kabla ya kustaafu, na hilo ndilo lililoniponza. Angekuwa seremala, pengine mambo yangeisha kwa soda.

Shangazi yangu anachoma kuku Sinza. Hana bango, ana moshi. Jioni ukishuka kwenye bajaji unaufuata tu huo moshi mpaka kwenye meza nne za plastiki, pipa lililopasuliwa katikati likawa jiko, na shangazi mwenyewe akipepea mkaa kwa kipande cha boksi. Kuku anawatoa soko la Kisutu, anawalaza kwenye ndimu na tangawizi. Watu wote wanapaita Kwa Shangazi, hata wazee waliomzidi umri.

Mimi natengeneza tovuti. Wakati huo nilikuwa nimeshatengeneza moja, yangu mwenyewe, inayosema kwamba natengeneza tovuti.

Usiku mmoja nikaangukia video YouTube. Jamaa anaeleza kuwa siri ya kutokea juu Google ni kulichukua lile neno watu wanalolitafuta ukaliweka kwenye jina lenyewe la domeini, yaani anwani ya tovuti. Watu wanatafuta bima rahisi? Basi usijiite kwa jina la babu yako, jiite bimarahisi. Mashine inalinganisha, inaona vimefanana, inakupandisha. Nilitazama mara mbili na daftari mkononi. Kitu pekee ambacho sikukitazama ni mwaka wa video. Ilikuwa ya 2010.

Asubuhi nikaenda kumshawishi shangazi.

“Kwani Kwa Shangazi ina kasoro gani?”

“Shangazi, nani ataandika Kwa Shangazi kwenye Google? Kila mtu ana shangazi.”

“Hawachomi kuku kama mimi.”

“Ndiyo maana tunataka hilo neno kuku.”

Akaguna, akageuza mapaja. Nikachukua kama ruhusa.

Sasa, jina la domeini linaruhusiwa kufika herufi 63 kabla ya nukta, na mimi nililichukulia hilo kama kifurushi cha intaneti, kwamba usipokimaliza kinaisha muda. Jina la kwanza lilibeba kuku, choma, tamu, bei nafuu, Sinza, Dar na ndizi. Shangazi alijaribu kulisoma akasema hilo jina ni la mtu aliyeshiba. Tukapunguza yakabaki matatu: kuku, choma, na nyumbani, kwa kuwa kijana wa bodaboda angekuwa anawapelekea watu hadi mlangoni. Domeini haikubali nafasi katikati ya maneno, na haijali herufi kubwa wala ndogo. Kistari kinaruhusiwa, lakini jamaa wa video alisema vistari vina sura ya utapeli. Nikayaunganisha: kukuchomanyumbani, mwisho .co.tz.

Wewe umeshaliona. Mimi siku nne sikuliona. Ukilitunga jina mwenyewe, macho yako yanaweka nafasi pasipo nafasi.

Kariakoo, fundi wa kuchapa stika alilitazama muda mrefu kwenye kompyuta.

“Bosi, iende hivihivi?”

“Hivihivi.”

“Rangi?”

“Nyekundu. Herufi kubwa. Na pembeni weka miali ya moto.”

Akanitazama usoni, akaomba nilipe kabla.

Ijumaa tukabandika stika kwenye boksi la pikipiki, na saa kumi na moja jioni nikatuma meseji kwa wateja wote waliokuwa kwenye simu ya shangazi. Niliitunga kwa upendo: “Mpendwa, hatujakusahau! Kukuchomanyumbani sasa inawezekana. Tuambie unapokaa, vijana wetu watafika ndani ya dakika 45.”

Simu ya kwanza ilikuwa ya baba mmoja mwenye sauti ya chini sana. “Mwambie mama, ile elfu nane naituma sasa hivi. Nilikuwa nimesafiri.”

Ya pili: “Jamani, kwa kuku nusu tu?”

Shangazi hukopesha. Nusu ya namba zile zilikuwa za watu wanaopita upande wa pili wa barabara wakimwona. Mpaka saa mbili usiku watu saba walikuwa wamelipa kwa simu, mmoja deni la mwaka juzi, na juu yake ameweka ya kutolea. Shangazi alinishika bega, machozi yanamlenga, si ya moshi. “Baba, hii tovuti yako inafanya kazi.”

Nami nikajiona mtaalamu.

Saa tatu ikaja oda halisi, kuku mzima na chipsi, Kijitonyama. Kijana wa bodaboda akaenda, akagonga geti. Mlinzi akamulika tochi kwenye boksi, akasoma polepole, akauliza katumwa na nani. Kijana wa watu akajibu kwa sauti, kama nilivyomfundisha: “Kukuchoma nyumbani!”

Majirani walitoka na walichoshika.

Nilipoitwa ofisi ya serikali ya mtaa nilikuta kijana amekaa sakafuni, boksi limewekwa juu ya meza kama kidhibiti, na kidhibiti kinanukia ofisi nzima. Mtendaji alianza na mimi. Akanikumbusha kuwa nchi hii ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, na kwamba hakuwahi kuona mtu anayetishia umma akiwawekea na anwani. Nikajitetea kuwa ni kuku choma tu, afungue boksi aone.

Ndipo mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Shikamoo, mwenyekiti.”

“Marahaba. Hebu tulichanganue. Ku, kiambishi cha kitenzi-jina. Ku ya pili, mtendwa, nafsi ya pili umoja, yaani huyu mwananchi. Choma, kitenzi. Nyumbani, kielezi cha mahali.” Akanyamaza kidogo. “Kijana, miaka yote niliyosahihisha mitihani, ni nadra kukutana na tishio lisilo na kosa la sarufi.”

“Mzee, ni kuku. Kuku, choma.”

“Basi ungesema kuku wa kuchoma. Hiyo ‘wa’ mnayoiona mzigo, leo ingewaokoa.”

Mtendaji akaandika hilo kwenye daftari. Akafungua boksi kuthibitisha, akathibitisha na paja, mwenyekiti akathibitisha na bawa. Tulipoachiwa, ushahidi ulikuwa umebaki chipsi.

Kesho yake nikasajili jina jingine, safari hii na vistari: kuku-choma-nyumbani. La zamani nikaliacha liwapeleke watu kwenye hili jipya. Shangazi akawa analitaja kwa kila mteja, “Ingia kuku dashi choma dashi nyumbani,” na wateja wakaandika walichosikia: kukudashichomadashinyumbani. Mmoja alirudi kumuuliza kwa heshima kama huyo kuku dashi ni aina mpya au ni wa kisasa walewale.

Ndipo nikasoma vizuri, nikiwa nimechelewa miaka. Kumbe Septemba 2012 Google walishaibana mbinu hiyohiyo. Matt Cutts, aliyekuwa akiongoza vita vya taka za mtandaoni pale, alitangaza badiliko la kuzishusha tovuti dhaifu zinazobebwa na jina tu, akasema litagusa asilimia 0.6 ya utafutaji wa Kiingereza Marekani. Na John Mueller wa hukohuko Google amerudia mara kadhaa kwamba kuwa na neno la kutafutwa ndani ya domeini hakukupi upendeleo wowote. Mimi nilikuwa nimenunua mawili.

Nikaandika “kuku choma Sinza” nione tuko wapi. Juu kabisa ilitoka ramani, na kwenye ramani kulikuwa na alama: Kwa Shangazi. Mteja fulani aliiweka zamani bila kutuambia, na picha ya moshi, na watu wamejaza nyota na maoni chini yake. Tovuti yangu ilikuwa ukurasa wa tatu, baada ya mapishi. Shangazi hakusema neno. Aliomba simu nimwonyeshe zile nyota tena.

Miezi miwili baadaye nikafungua ripoti ya Google inayoonyesha maneno yaliyowaleta watu kwenye tovuti. Nilitegemea kuku, au choma. Neno lililoongoza, tena tukiwa nafasi ya pili, lilikuwa “jirani anatishia kukuchoma nyumbani ufanyeje”.

Watu wanne walibofya. Watatu waliondoka haraka. Wa nne aliagiza nusu kuku na ndizi mbili, na kwenye sehemu ya maelezo ya kupelekewa akaandika: “Msije. Nakuja mwenyewe.”