Gari linaruka mtaro, halafu linaendelea na safari?

Jumamosi nilikuwa natoka Mbeya kwenda Dar, basi likagota mlima Kitonga. Foleni. Lori lililokuwa linapanda limefia kwenye kona, matawi ya miti yametandazwa lamini, utingo ameshaweka mawe nyuma ya matairi. Nyani wamekaa ukingoni wanatutazama kama sisi ndio sinema. Na konda, kwa huruma zake, akatuwekea The A-Team, ile tamthilia ya Kimarekani ya miaka ya themanini.

Nimekua na hiyo kitu. Kwa jirani yetu Mafinga: kaseti, mkeka, watoto 20 na harufu ya soksi. Niliamini kila kitu. Sasa nina gari, tena ninalilipia mwenyewe, na nimeangalia nikakasirika.

Sina ugomvi na risasi. Zinamiminika kama mvua ya Tukuyu na hafi mtu, sawa. Helikopta inajibamiza mlimani, waliomo wanatoka wakijikung'uta vumbi, sawa, Mungu mkubwa. Kinachonishinda ni magari. Linaruka mtaro, linapaa, linatua kwa pua, halafu linaendelea na safari. Linaendelea! Mimi niliingia shimo moja tu pale Uyole, shimo la kawaida, la kuku na vifaranga wake. Boljointi, shokapu, bushi, vyote chali. Fundi wa Mwanjelwa akaingia uvunguni, akatoka, akashika kiuno, akatamka ile sentensi yao: "Hii, kaka, tuifungue kwanza tuone." Wiki mbili. Kila nikipiga simu, yuko njiani. Spea ikaja, siyo yenyewe. Siku ya kuchomelea, umeme ukakatika.

Halafu hao wanaume wanne wa The A-Team wanafungiwa ghalani (na adui gani huyo anayekufungia kwenye ghala lenye mitungi ya gesi na mashine ya kuchomelea?), muziki unapigwa kidogo, wanatoka na gari limevishwa mabati ya chuma kama kifaru. Hakuna aliyesema "bado boliti moja." Hakuna aliyetumwa mjini.

Na walijua wanatudanganya. Wale wa The Dukes of Hazzard, tamthilia nyingine ya magari kuruka, kati ya 1979 na 1985 waliua magari ya Dodge Charger zaidi ya 200. Walikuwa wanajaza uzito kwenye buti ili pua isitangulie kutua, na likishatua, limekwisha. Linaburutwa pembeni, linaletwa jingine la rangi ileile ya chungwa. Sasa si mngetuonyesha hapo! Mimi ningekaa saa nzima kuangalia brekidauni ikija.

Knight Rider, yule wa gari linaloongea, namsamehe. Gari kuongea siyo ajabu tena. La shemeji yangu linamsemesha Kijapani kila akiliwasha, huu mwaka wa tano hajui linamwambia nini. MacGyver naye, yule wa kujinasua kwa chochote kilicho karibu, namsamehe shingo upande. Ile ya kuziba tindikali ya salfa inayovuja kwa chokoleti niliicheka miaka, ila nakumbuka mwalimu wetu wa kemia aliimimina kwenye sukari, ikatoa moshi, ikavimba ikawa mkaa mweusi. Chokoleti si ina sukari? Haya, labda.

Tuko hapo hapo, kwenye skrini ukuta umeshavunjwa, yule utingo wa lori akapanda basini. Mikono inanuka dizeli.

"Samahanini wazee wangu, kuna mwenye sabuni ya mche?"

Tanki lilikuwa limetobolewa na jiwe, injini imevuta hewa ikazima. Mama mmoja aliyepandia Ilula na nyanya zake akatoa mche mzima. Jamaa akakata kipande, akakikanda kwa vidole kama tonge la ugali, akakikandika kwenye tundu. Dizeli ikakoma. Wakapampu, wakapampu tena, lori likakohoa likawaka, likapanda zake mlima.

Pamoja na sabuni iliyobaki. Mama aliidai mpaka Ruaha Mbuyuni, na konda akawa anaongeza tu sauti ya TV.