Tone la damu na bei yake: kanuni za uwindaji katika ranchi za watu binafsi

Hapa Lubumbashi, mji wa Katanga kusini mwa Kongo, kila linapotajwa shamba la wanyamapori lenye uzio, jibu la haraka ni lile lile: matajiri wanawafungia wanyama ili wapate kuwaua kwa raha zao. Nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu, na silipuuzi, kwa sababu lina ukweli ndani yake ambao nitaurudia hapa chini. Hata hivyo, wengi wanaolitoa hawajawahi kushuhudia siku ya uwindaji katika ranchi inayofuata kanuni, na wangeshangaa kuona jinsi sehemu kubwa ya siku hiyo inavyopita bila bunduki kulia.

Kanuni zenyewe zimeandikwa, na nchi zilizo kusini mwetu zimezifanyia kazi kwa muda mrefu. Namibia, ambako tangu sheria ya mwaka 1975 mwenye shamba lenye uzio unaofaa ana haki juu ya baadhi ya wanyama waliomo, huweka hata kiwango cha chini cha nguvu ya risasi, kwa kipimo cha jouli: 1,350 kwa swala mdogo, 2,700 kwa tandala na choroa, 5,400 kwa nyati na tembo. Mgeni anayelipia kuwinda haendi porini peke yake, bali hufuatana na mwindaji bingwa aliyesajiliwa. Juu ya sheria kuna adabu ya ranchi yenyewe. Mgeni hupiga shabaha kwanza kwenye karatasi huku mwenyeji akimtazama, na anayetawanya risasi hatoki siku hiyo. Hapigi akiwa ndani ya gari, wala hamvizii mnyama kwenye maji anapokuja kunywa. Hapigi mnyama aliyesimama katikati ya kundi, kwa kuwa risasi inaweza kupenya na kumpata wa nyuma. Anayechagua mnyama ni mwenyeji, naye hutafuta dume zee lililokwisha kuzaa na kusukumwa pembeni na vijana. Kwa nyati, dume ambalo shina la pembe zake juu ya paji limekauka na kuwa gumu kama jiwe, kwa maana lenye shina laini bado ni changa.

Kati ya kanuni hizo zote, iliyonifanya niandike makala hii ni moja tu. Karibu kila ranchi ya kusini mwa Afrika huitaja kabla mgeni hajatia saini: tone la damu likionekana, mnyama amelipiwa. Akipatikana au asipopatikana, bei ni ile ile kamili. Watu husoma kanuni hii kama ujanja wa biashara, nami nilidhani hivyo zamani. Nilibadili mawazo miaka kadhaa iliyopita, nilipofuatana na wawindaji katika ranchi moja upande wa Zambia. Mgeni alimpiga tandala dume, mnyama akaruka na kupotea kichakani. Mfuatiliaji nyayo, mzee mfupi asiyesema sana, alipiga magoti penye jani la nyasi, akagusa damu kwa ncha ya kidole, akainusa. Damu ya waridi yenye povu ingemwambia kwamba risasi imepita kwenye mapafu na kwamba mnyama yuko karibu. Hii ilikuwa na uchafu wa kijani na harufu ya tumbo. Akasimama, akamwambia mgeni neno moja: tukae.

Tulikaa saa nne chini ya mti wa msuku. Mgeni alitaka kukimbilia, na kila mtu aliuona uso wake. Lakini mnyama aliyepigwa tumboni akifuatwa mara moja hupata nguvu za woga, huenda kilomita nyingi, na hufia mahali ambapo hakuna atakayemwona. Akiachwa, hulala mapema. Jioni tulimkuta amelala karibu kuliko tulivyotazamia, na risasi ya pili ilimaliza mateso. Je, mgeni angekubali kukaa saa nne kama kupoteza mnyama hakungemgharimu chochote? Sidhani. Pengine angesema risasi imekosa, akaomba apelekwe kwa tandala mwingine, na yule wa kwanza angeoza akiwa hai. Kanuni ya damu inaondoa gharama ya haraka kwenye mwili wa mnyama na kuiweka kwenye mfuko wa aliyefyatua. Tena inampa mzee yule, ambaye mshahara wake ni mdogo kuliko bei ya viatu vya mgeni, uwezo wa kumwamuru mgeni akae chini.

Sasa linganisha na uwindaji unaoendelea katika misitu yetu ya miombo bila kanuni yoyote. Nyama ya pori iliyokaushwa inauzwa masokoni, na mara nyingine utaona kwenye mguu wa nsya, swala mdogo wa vichakani, alama nyembamba iliyokata hadi mfupa. Ni alama ya mtego wa waya, mara nyingi waya wa breki za baiskeli. Waya hauchagui dume zee; unamnasa mwenye mimba na mtoto wake pia. Mnyama akiukata na kuondoka nao mguuni, hakuna anayemlipia wala anayemfuata. Wanaokasirishwa na uzio wa ranchi sijasikia wakikasirishwa na waya kwa kiwango kile kile.

Upande wa pili una hoja ambazo haziondoki kwa kukemewa. Simba aliyeitwa Cecil, aliyeuawa Julai 2015 nje ya hifadhi ya Hwange nchini Zimbabwe, alijeruhiwa kwa mshale na akaishi na jeraha lile kwa saa nyingi kabla ya kumalizwa. Tajiri aliyelipia alikuwepo, mwongozaji alikuwepo, na adabu haikumsaidia mnyama. Afrika Kusini kulikuwa na jambo baya zaidi: simba waliozaliwa na kulelewa vizimbani, kisha wakafunguliwa ili wapigwe na mtu aliyelipia. Mwezi Mei 2021 serikali ya huko ilitangaza nia ya kuukomesha ufugaji huo, na ilichelewa. Uzio wa hekta chache unafanya neno uwindaji kuwa uongo, kwa kuwa mnyama hana pa kwenda.

Hoja inayonigusa zaidi ni ya nani hasa ni mwenye mnyama. Kwetu Kongo, sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inataka kibali cha kuwinda, na mwanakijiji anayekutwa na swala mmoja anaweza kujikuta mbele ya hakimu, ilhali mgeni wa ranchi akimpiga pofu, yule swala mkubwa, hupiga naye picha. Haki hapa imepinda, na mtetezi wa ranchi asiyekiri hivyo hapaswi kusikilizwa.

Lakini wazee wetu walilijua swali la mnyama huyu ni wa nani, na walilijibu. Katika nchi za Waluba, Walamba na Wabemba, mwindaji hakuwa huru kuondoka na windo lake lote. Chifu alikuwa na fungu lake la nyama, na tembo akianguka, pembe iliyogusa ardhi ilikuwa ya mwenye ardhi. Katika ranchi za leo, mgeni kwa kawaida huchukua pembe na ngozi, nyama inabaki. Hakuna kinachozuia fungu la kijiji jirani kuandikwa kwenye mkataba ule ule unaotaja tone la damu.

Kwa habari ya matokeo, mfano wa vifaru weupe wa kusini hautoki akilini mwangu. Mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa wamebaki chini ya 100, katika eneo la Hluhluwe na iMfolozi huko Afrika Kusini. Uwindaji wao uliruhusiwa tena Afrika Kusini mwaka 1968, walipokuwa takriban 1,800. Kufikia 2010 walizidi 18,000, maelfu yao wakiwa katika ardhi ya watu binafsi. Sifa haiendi kwa uwindaji peke yake: askari wa hifadhi ndio waliowahamisha kwa malori miaka ya 1960. Lakini mwenye shamba alikubali kuwapokea kwa sababu walikuwa na thamani wakiwa hai. Huku kwetu, punda milia wa mwisho wanaoishi porini nchini wamebaki Upemba, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1939, na miti inayozunguka mji inaondoka kila asubuhi juu ya baiskeli, ndani ya magunia ya makaa. Mwenye shamba anayefuga swala aina ya palahala ana sababu ya kutoichoma miti yake.

Ndiyo maana ningeziunga mkono ranchi za uwindaji Katanga, kwa masharti ambayo singeyalegeza: ardhi iwe kubwa kiasi cha mnyama kuweza kumkwepa mtu kwa siku kadhaa, asipigwe aliyelelewa kwa mkono wa binadamu, fungu la kijiji litolewe siku ile ile kabla nyama haijaharibika, na mfuatiliaji nyayo awe na mamlaka, kwa maandishi, ya kumwambia mgeni yeyote akae.