Mpira wa pete ulitoka vyuoni, tena vyuo vya wanawake

Mwaka 1873 daktari mmoja wa Boston, Edward Clarke, aliandika kwamba msichana akisoma kwa bidii kama mvulana, nguvu za mwili zitaishia kwenye ubongo na uzazi wake utaharibika. Watu wengi walimwamini. Vyuo vya wanawake vilivyokuwa vinafunguliwa Marekani wakati huo vikajikuta na kesi ya kujibu, na sehemu kubwa ya jibu ilitolewa kwenye ukumbi wa mazoezi: njooni muwaone wanasoma, na bado wana afya.

Chuo cha Smith, kilichofunguliwa Northampton, Massachusetts, mwaka 1875, kilipata mwalimu mpya wa mazoezi Januari 1892. Aliitwa Senda Berenson, mzaliwa wa Lithuania, umri miaka 23. Alikuwa dhaifu tangu utotoni. Alijiunga na chuo cha mazoezi cha Boston ili apate nafuu, akatoka na kazi ya maisha yake. Pale Smith alikuta wanafunzi wamechoshwa na mazoezi ya Kiswidi: nyoosha mkono, pinda kiuno, rudi ulipokuwa. Mji wa jirani, Springfield, James Naismith alikuwa amebuni mpira wa kikapu Desemba 1891. Berenson akauchukua mara moja.

Tarehe 22 Machi 1893 mwaka wa kwanza walicheza na mwaka wa pili. Wanaume hawakuruhusiwa kuingia. Berenson alirusha mpira juu kuanzisha mchezo, na hapo hapo mchezaji mmoja akateguka bega. Akaingia mwingine, mchezo ukaendelea, mwaka wa pili wakashinda 5 kwa 4. Nafurahi mno kwamba hawakuahirisha. Kila aliyekuwa akisubiri ushahidi kuwa wasichana hawawezi angeupata siku ile.

Kanuni za Berenson ndizo zinazonigusa zaidi. Aligawa uwanja sehemu tatu, na mchezaji haruhusiwi kuvuka mstari wa sehemu yake. Kumpokonya mwenzako mpira marufuku. Kukaa nao zaidi ya sekunde tatu marufuku. Aliyewahi kuvaa C au GA kifuani, herufi za nafasi za wachezaji wa mpira wa pete, anaujua mchezo huu.

Uingereza nako Msweden Martina Bergman-Österberg alikuwa na chuo chake cha walimu wanawake wa mazoezi, kilichoanzia Hampstead mwaka 1885 na kuhamia Dartford mwaka 1895. Mchezo wa Marekani ulifika huko miaka ya 1890, kikapu kikawa pete, na kanuni zikachapishwa mwaka 1901. Walimu wakaueneza mashuleni, na kupitia shule za Waingereza ukafika kwetu.

Wapo wanaosema mistari ile ilikuwa pingu, mchezo uliopunguzwa makali ili wasichana wabaki wapole. Kwa sehemu ni kweli. Kwenye mpira wa kikapu, wanawake wa vyuo vya Marekani walisubiri hadi 1971 ndipo kanuni zao zikakubali watano kwa watano, uwanja mzima. Lakini mimi naiona mistari ile kama kodi ya mlangoni. Bila kuilipa, wasichana wa 1893 wasingecheza kabisa. Na walioandika kanuni zile walikuwa wanawake, wakiwafundisha wanawake.

Kinachoniuma ni kwamba hoja ya Dkt. Clarke bado inaishi kwenye ratiba zetu. Ukutani imeandikwa michezo, Jumatano saa nane mchana. Fika shuleni saa hiyo: wasichana wako darasani na jaribio la hesabu, au wanafagia uwanja ambao wavulana wataucheza. Ukiuliza unaambiwa mitihani imekaribia, kana kwamba mwili na daftari vinagombea damu ileile. Kisha UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ikikaribia, timu ya netiboli inakusanywa ndani ya wiki mbili na tunalalamika hawana pumzi.

Majirani zetu wa Uganda walimaliza nafasi ya tano duniani kwenye Kombe la Dunia la netiboli, Cape Town, mwaka 2023. Vipaji kama vile havikosekani Tanzania. Kwa hiyo kwenye kikao kijacho cha wazazi, tukishamaliza habari za michango na ufaulu, tuulize pia: mwalimu wa kike wa michezo ni nani, kuna mipira mingapi, na Jumatano iliyopita saa nane binti zetu walikuwa wapi?